Kisanduku cha kuitia bata mzinga

Jana jioni, kama saa kumi na mbili kasorobo, nilisimama chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yetu hapa Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, nikausugua mfuniko kwenye shavu la kisanduku mara tano. Kii-yau, kii-yau, kii-yau, kii-yau, kii-yau. Nikanyamaza. Ng'ambo ya mfereji, katikati ya migomba ya jirani, jike mmoja akaitika. Akafuata wa pili. Haukupita muda majani makavu ya migomba yakaanza kuchakarika, na bata mzinga wangu 11 wakatokea mmoja nyuma ya mwenzake, shingo juu, wakauruka mfereji. Dume alikuja wa mwisho kama ilivyo kawaida yake, mkia ameufungua wote, ncha za mabawa zinakwaruza udongo.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Pasua, huku chini mjini Moshi, na kwa miaka 19 nimetengeneza vitanda, milango, makabati ya jikoni na madawati. Kisanduku hiki ndicho kitu kidogo kuliko vyote vilivyowahi kutoka mikononi mwangu, kinaenea kwenye kiganja, lakini ndicho kilichonifundisha mbao upya. Tangu nilipoweka video yake kwenye status watu wananiuliza nimekinunua wapi. Sikukinunua. Naeleza hapa kilivyonijia na ninavyokitengeneza, na naomba uvumilivu, maana hakielezeki kwa maneno mawili.

Ilikuwa Julai 2019. Mzee mmoja Mmarekani, mtu wa Alabama, alikuja Moshi na binti yake. Binti akapanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame, safari ya siku 7. Mzee magoti yalimkatalia, akabaki nyumba ya wageni, mtaa wa pili kutoka kwangu. Wakati huo nilikuwa na dume mmoja na majike wawili ndani ya uzio wa karakana. Nilikuwa nimewashusha mjini kuwauza na mnunuzi akaahirisha. Dume yule kila bodaboda ikipiga honi yeye anajibu: gulu-gulu-gulu-gulu. Mzee akasikia akiwa barazani kwake. Akaifuata sauti hadi kwenye uzio wangu, akasimama pale ameshika waya, uso umemchangamka kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kijana wangu wa kazi akampa shikamoo na kigoda. Alirudi siku 6 mfululizo.

Kiswahili hakuwa nacho, na Kiingereza changu ni cha kuelewana na wateja. Siku ya kwanza alifanya jambo moja tu. Alikunja midomo, akavuta pumzi, akatoa sauti ya jike. Kwa mdomo mtupu. Majike wangu wawili waliokuwa wakichakura maranda wakaganda. Wakainua shingo, wakageuza vichwa pembeni ili kila mmoja amtazame kwa jicho moja, kama wanavyofanya wakiona mwewe, ila safari hii bila kuogopa. Mmoja akamjibu. Dume akavimba palepale. Kile kishungi cha nyama kilichokuwa kimejikunja juu ya mdomo kikarefuka na kuning'inia, na kichwa kilichokuwa chekundu kikaingia weupe na bluu. Nimefuga ndege hawa tangu nioe. Sikuwahi kujua kwamba wana neno la kuitana, na kwamba mtu anaweza kujifunza kulitamka.

Kwao bata mzinga ni ndege wa porini. Hawa wetu wa kufuga chimbuko lao ni Mexico; Wahispania waliwachukua huko miaka ya 1500 wakawapeleka Ulaya, na kutoka huko wakasambaa duniani mpaka wakafika vihambani kwetu, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba. Ndugu zao wa porini bado wako misituni Marekani. Waliwahi kupungua hadi majimbo mengine yakabaki bila ndege hata mmoja, kwa kuwindwa ovyo na misitu kukatwa, kisha watu wa wanyamapori wakaanza kuwanasa kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti na kuwahamishia kwenye misitu iliyokuwa mitupu. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Wawindaji wenyewe wana chama cha kuwatunza, National Wild Turkey Federation, kilichoanzishwa 1973. Hilo lilinigusa, kwamba anayewinda ndiye anayechanga fedha ndege asiishe.

Baridi ikiisha kwao na majani yakianza kuchipua, madume huanza kuita alfajiri kutoka kwenye matawi waliyolalia. Desturi ya ndege hawa ni kwamba dume huita na jike ndiye anayemwendea. Mwindaji anataka kinyume chake. Anakaa ameegemea shina la mti, hatikisiki, anaita kama jike, na kuomba dume aivunje desturi amfuate jike asiyemwona. Kwa hiyo sauti ikipinda kidogo tu dume mzee anageuza njia, na siku imeisha. Mzee alinieleza pia kwamba msimu huo hakuna mwindaji mwenye akili anayeingia msituni amevaa nyekundu, nyeupe au bluu, hata leso ya mfukoni, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume na mwenzako anaweza kukufyatulia risasi. Tangu siku hiyo kichwa cha dume wangu nakitazama kwa jicho jingine.

Sauti hiyo wengine huitoa kwa mdomo, wengine kwa kipande cha mpira wanachokiweka ndani ya kinywa, wengine kwa kijiti na kigae. Na wengine, kama yeye, kwa kisanduku. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya kisanduku cha namna hii alipewa Henry Gibson wa mji wa Dardanelle, jimbo la Arkansas, mwaka 1897. Mzee alimtaja pia fundi wa South Carolina aliyeitwa Neil Cost, ambaye vya kwake leo watu huvinunua kwa fedha nyingi na kuvitunza kama vyombo vya muziki. Alipolitaja jina hilo alivua kofia.

Siku ya tatu alichukua penseli yangu ya kazi akachora kwenye kipande cha plaiwudi. Ninacho hadi leo, nimekipigilia ukutani juu ya benchi. Urefu inchi 8. Upana inchi 2. Kitako kimoja, vipande viwili vinene vya kuziba mwanzo na mwisho, na pande mbili nyembamba ambazo mimi naziita mashavu. Makali ya juu ya mashavu nayaita midomo. Juu yake unakaa mfuniko mrefu kuliko boksi, wenye mpini kama wa mwiko, umeshikwa na skrubu moja upande mmoja na springi ndogo chini ya kichwa cha skrubu, ili uweze kuchezea kushoto na kulia. Ni hayo tu. Nikamwambia kwa kujiamini, mzee, hiki nakimaliza kesho. Akacheka, akanishika bega. Binti yake akashuka Mlima salama, wakaondoka, na mimi kisanduku kilichosema kitu cha maana nilikipata mwezi wa pili wa mwaka uliofuata.

Kwanza uelewe kinavyolia. Aliyewahi kumwona mtu wa Dodoma akipiga zeze ameshaelewa nusu. Upinde haupiti kwenye uzi ukiteleza. Unaushika, unauachia, unaushika, unauachia, haraka hata sikio linasikia sauti moja. Mfuniko ndio upinde, mdomo wa shavu ndio uzi, na uwazi ulio katikati ndio kibuyu. Tumbo la mfuniko halijanyooka: limechongwa mgongo kidogo sana, kati pamejaa, pembeni pameshuka. Mdomo wa shavu nao una mgongo wake. Kwa hiyo mfuniko na shavu hugusana mahali padogo tu kila wakati, na mahali hapo panahama jinsi unavyosukuma. Sauti ya jike ina sehemu mbili, inaanza nyembamba juu kisha inavunjika na kushuka nene. Kii, halafu yau. Kisanduku kizuri kinavunja sauti chenyewe katika msuguo mmoja usio hata na inchi moja. Kibaya kinasema kii tu, au yau tu, au kinapiga kelele.

Cha kwanza nilichana mninga, kwa sababu mninga ndio ubao ninaouheshimu. Mashavu nikayafanya milimita 6. Kwa mtu aliyezoea mbao za inchi moja na mbili, milimita 6 ni karatasi. Kililia kama mlango wa stoo ambao bawaba zake hazijaona mafuta. Nilikipeleka Uru, nikakipiga mbele ya majike, hakuna aliyeacha kula.

Cha pili nilichukua njia ya kutafuta ubao mgumu zaidi. Mchonga vinyago mmoja alikuwa na kipande cha mpingo kilichobaki, nikatengeneza mfuniko wa mpingo. Ulikuwa mzuri wa kutazama kuliko kitu chochote nilichowahi kuranda, mweusi, unang'aa bila vanishi. Na uliteleza. Mpingo una mafuta yake ya ndani. Unateleza juu ya mdomo wa shavu bila kuushika, nao ni mzito, unalikandamiza shavu lisitetemeke. Nilijisikia vibaya kwa sababu nyingine pia. Hapa hapa Moshi marehemu mzee Sebastian Chuwa alihangaika miaka mingi kuotesha miche ya mpingo na kuwafundisha watoto wa shule kuipanda. Mradi wao yeye na James Harris, fundi wa kukereza mbao wa Texas, ulianza 1996. Mti huo unachukua miongo mingi kufikia kuvunwa. Kuukata kuwa mfuniko usiolia si haki. Kipande kile nimekitunza, nitakipa kazi inayokistahili.

Cha tatu kilinitia hasara kwa sababu ya duka moja la mbao nilikouziwa ubao kwamba umekaushwa, kumbe ulikuwa umepigwa jua la juu juu. Nilifunga gundi Jumatatu, kikaanza kusema vizuri Jumatano, Jumapili shavu moja likapinda na kupasuka kwenye kiungo. Tangu hapo ubao wa kisanduku naukausha mwenyewe. Unakaa dari la jiko la kuni la mama watoto miezi 3, hauguswi.

Hapo katikati ndipo nilipomkumbuka babu. Babu yangu alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake aliichonga kwa mringaringa, gogo zima, akilitoboa kwa patasi ndefu kutoka kila upande mpaka litokee. Sisi watoto tulikuwa tunakaa juu ya vipande vya mti tunamtazama. Kila baada ya muda aliacha patasi, akaupiga mzinga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea kidogo, akapiga tena. Nilidhani ni mazoea ya wazee tu. Alikuwa anapima ukuta. Hakuwa na kipimo kingine. Mahali palipo panene mlio ni mfupi na mkavu, mahali palipokwisha kufika mlio unaenda ndani na kurudi. Nimekuwa fundi miaka yote hii kwa futi kamba na pembemraba, kazi yote ya macho, na babu alikuwa akinionyesha kazi ya masikio nikiwa na miaka 7.

Nikaacha mninga, nikachukua mringaringa. Wepesi wake ndio huo unaoutaka, nyuzi zimenyooka, haupasuki ovyo, na ukiugonga unaitika. Mashavu nikayashusha hadi milimita 3. Fundi wa gereji jirani ananiazima venia yake, kile kifaa cha kupima unene, kila nikihitaji, Mungu ambariki. Mfuniko nikautengeneza kwa mkangazi, ambao ni mgumu kidogo kuliko mringaringa lakini hauna mafuta ya kusumbua. Hiyo ndiyo siri ambayo mzee aliiandika pembeni ya mchoro na mimi sikuizingatia: boksi jepesi, mfuniko mgumu kidogo. Mbao mbili zinazofanana kabisa hazina la kuambiana.

Cha sasa, nilichokitumia jana, nimekitengeneza kwa mtarakwa. Hapa niseme kidogo, kwa sababu jambo hili lilinifurahisha sana. Wamarekani wanaupenda mno mti wanaouita mwerezi mwekundu kwa kazi hii, na kumbe si mwerezi, ni ndugu wa damu wa mtarakwa wetu, ule unaoota pande kavu za Kilimanjaro na Meru, ambao ukiuranda karakana nzima inanukia penseli mpya. Mtarakwa wa kukata leo hauguswi, na ni vizuri usiguswe. Lakini huko Siha bado kuna nguzo za uzio wa zamani za mashamba, zimesimama ardhini tangu kabla baba yangu hajaoa na hazijaoza. Shemeji yangu aliletewa mbili zilizong'olewa wakati wa kuweka nguzo za zege, akanipa moja. Nje ilikuwa ya kijivu na imejaa misumari ya kuchimbua kwa koleo, nikapoteza meno matatu ya msumeno. Ndani ilikuwa nyekundu, mbichi kwa rangi ingawa kavu kabisa. Ubao uliokauka muda mrefu hivyo hauna tena mahali pa kwenda. Hautapinda.

Sasa kuweka sauti.

Kazi hii naifanya usiku, karakana ikiwa imefungwa na mashine za jirani zimezimwa. Nafunga skrubu hadi springi ianze tu kushika, si zaidi. Kisanduku nakishika kwa kitako, vidole visiguse mashavu hata kidogo, maana ukiligusa shavu umelifunga mdomo. Mpini wa mfuniko naushika kwa vidole viwili kama mtu anavyoshika kikombe cha kahawa ya moto. Siunyanyui mfuniko, nauacha ulale kwa uzito wake, nasukuma.

Nikisikia kelele ya juu inayokata masikio, mara nyingi mfuniko unagusa mahali pawili kwa wakati mmoja. Naufungua, napaka mkaa kidogo kwenye midomo ya mashavu, narudisha, nasugua mara moja, nafungua tena na kutazama mkaa umehamia wapi kwenye tumbo la mfuniko. Pakiwa na alama mbili, napunguza moja. Napunguza kwa msasa namba 220 uliokwisha kutumika, mara tatu, nne, si zaidi. Kisha nafuta mkaa wote na kusikiliza tena.

Nikisikia kii peke yake bila kuvunjika, shavu ni nene bado. Hapo unaingia ndani ya boksi, si nje, na unakwangua sehemu ya kati ya shavu kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Kioo kinatoa unga, patasi inatoa vipande, na hapa unataka unga. Ukuta ukipungua sauti inashuka na kupata ule ukwaruzo wa kooni alio nao jike mtu mzima. Lakini ukipitiliza, sauti inageuka ya mtu mwenye mafua na hakuna wa kuirudisha. Mbao haina rivasi. Usiku mmoja wa mwezi wa 3 nilikwangua, nikasikiliza, nikakwangua, nikasikiliza, kuanzia saa tatu hadi saa sita na nusu, na kati ya kukwangua mara ya 40 na mara ya 41 shavu la kushoto likafunguka. Siwezi kulieleza vingine. Lilikuwa linasema kii na sasa likasema kii-yau, na ile yau ilitoka chini ya boksi, nikaihisi kwenye mifupa ya kiganja. Niliweka kioo chini. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikatoka nje kupata hewa na mlinzi wa jirani akaniuliza, "Fundi, una kuku huko ndani?" Nikamwambia ndiyo, ninaye.

Halafu kuna chaki. Bila chaki mfuniko unateleza, kwa hiyo tumbo lake na midomo ya mashavu lazima vipakwe. Nilianza na chaki ya ubaoni, ile isiyotoa vumbi, ya binti yangu. Ilifanya kazi dakika kumi, kisha ikatengeneza ngozi inayong'aa na sauti ikafa. Ngozi hiyo ikishajengeka usiikwangue kwa msasa mkali, utaharibu mgongo uliouhangaikia. Sugua polepole kwa kile kitambaa cha kijani cha kuoshea sufuria, kikiwa kipya na kikavu. Sasa natumia unga wa chaki wa mafundi ujenzi, ule wa kamba, mweupe, usio na mafuta ndani yake. Na usiguse tumbo la mfuniko kwa kidole. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuweka doa lisilolia, na doa hilo litakukuta katikati ya neno.

Maji ndiyo adui mkubwa. Mzee aliniambia wawindaji huvifunga kwenye mifuko ya mkate mvua ikinyesha, wakavipiga humo humo ndani ya mfuko. Masika ya hapa Uru si mvua ya mfuko wa mkate. Aprili na Mei ukungu unaingia hadi kitandani, droo hazifunguki, na kisanduku kinavuta unyevu hewani tu bila hata tone kukidondokea. Changu kinakaa kwenye kopo la biskuti pamoja na mchele kidogo uliofungwa kwenye kitambaa. Siku za mvua kubwa sikitoi, naita bata kwa kugonga sufuria kama zamani.

Na wao ndio waliokuwa waamuzi muda wote. Binadamu nimewapigia wengi, wote wanasema kizuri, kinafanana kabisa. Jike hana adabu ya namna hiyo. Cha mninga hawakukisikia. Cha mringaringa walikitazama, wakaja nusu ya njia, wakasimama. Cha mtarakwa, siku ya kwanza kukipeleka, walikuwa wamekwisha kupanda mparachichini kulala, maana hawa hata ukiwajengea banda la bati watatafuta tawi kama wenzao wa porini. Nikapiga mara tatu, taratibu. Jike mkubwa, yule mwenye kovu mguuni, akajibu kutoka juu gizani. Kisha akashuka. Ndege aliyekwisha kulala, akashuka kwenye tawi usiku, akanizunguka miguuni akimtafuta mwenzake. Nilimtafutia mahindi kiganja kimoja nikampa, kwa sababu niliona nimemdanganya na haifai kumwacha aende hivi hivi. Mama watoto alikuwa mlangoni na taa. Akasema, "Baba, usimwite tena kama huna la kumpa." Nimelishika hilo. Kila nikiita, mfuko wangu una mahindi.

Mzee alinionyesha pia kufunga mpira wa kufungia hela kuzunguka boksi na mfuniko, kisha kukitikisa, ili kitoe sauti ya dume. Kinafanya hivyo kweli. Nilijaribu mara moja tu. Dume wangu alivuka kihamba chote mbio, hakula siku nzima, akazunguka zunguka akimtafuta mgeni aliyeingia kwake. Sitarudia.

Mwezi uliopita nilirekodi mashavu yote mawili nikamtumia kwa WhatsApp ya binti yake. Mzee ametimiza miaka 81 na msimu huu hakwenda msituni, magoti yale yale. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, sauti yake mwenyewe, na nyuma yake nilisikia kiti cha kubembea kikilia kwenye mbao. Alisikiliza mara nyingi, alisema. Shavu la kushoto nisiliguse tena maishani mwangu, hata nikijisikia kulisaidia. La kulia linasema neno moja tu, ni la jike kijana, bado lina unene karibu na skrubu.

Amesikia kutoka Alabama, kwa simu, mahali nilipokuwa nikishuku na sikutaka kukubali. Nilipima kwa venia asubuhi yake: milimita 3 na nusu, karibu na skrubu. Kipande cha kioo nimekwisha kukivunja na kukifunga kwenye gazeti. Lakini ni Mei, ubao umevimba, na ukikwangua ubao uliovimba unakwangua uongo. Kisanduku kiko kwenye kopo lake. Mwezi wa 6 ukungu ukipanda, nitalishika shavu la kulia.